Mafua Yamepita, Miguu Imegoma: Wasomaji Wanauliza kuhusu Influenza, Ubongo na Neva

Tulipogusia homa ya mafua katika toleo lililopita, barua zilizorudi hazikuuliza habari za kikohozi. Ziliuliza kuhusu watu wazima walioanza kwa mafua wakaishia kuweweseka usiku, au wakaamka asubuhi miguu haiwabebi. Ni mambo adimu. Walio wengi hupona ndani ya wiki moja hivi, wakiwa wamepoteza siku chache za kazi na hamu ya posho. Hata hivyo yapo, na yana tabia moja inayomsaidia mwangalifu: yanafuata kalenda, kila moja lina siku zake za kutokea tangu mafua yaanze. Tunazungumzia influenza, ile inayokuangusha kitandani kwa homa kali na mwili mzima kuuma, si kila pua inayochuruzika. Luganda huita vyote ssennyiga, na mkanganyiko mwingi huanzia hapo.

Mume wangu ana miaka 41. Alishikwa na homa, kikohozi na maumivu ya mwili. Usiku wa nne akaanza kuongea ovyo, akaniita kwa jina la dada yake marehemu. Kliniki walipima malaria, ikaonekana ipo, wakamtundikia dripu siku mbili. Hakubadilika. Hospitali tuliyopewa rufaa ndiyo iliyosema influenza imegusa ubongo. Mafua yanapandaje kichwani? (Mama wa duka, Busia)

Pole sana, mama. Neno "kupanda" ndilo linalotupoteza. Mara nyingi kirusi chenyewe hakifiki kwenye ubongo; maji ya uti wa mgongo yakipimwa kwa PCR, kipimo cha maabara kinachosaka vinasaba vya kirusi, kwa wagonjwa wengi hakionekani. Kinachofika ni vurugu ya kinga ya mwili. Kemikali zinazomwagwa ili kupigana na kirusi mapafuni huingia kwenye damu, kuta za mishipa midogo ya ubongo hulegea, maji huvuja, na ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilo na nafasi ya kutanuka. Kwa sababu chanzo ni hayo mapigano yenyewe, mabadiliko hutokea mapema, homa ikiwa bado inawaka, kwa kawaida ndani ya wiki ya kwanza. Mtu husinzia kupita kiasi, hupotewa na siku na mahali, huona vitu visivyokuwepo, au hupatwa na degedege. Kuna aina kali zaidi, iliyoelezwa kwanza na madaktari wa Japani miaka ya 1990, inayochoma sehemu za katikati ya ubongo pande zote mbili kwa mfanano; hiyo hupata watoto zaidi, lakini watu wazima nao wamewahi kuipata.

Sasa hicho kipimo cha malaria. Kile cha haraka, cha tone la damu na mistari miwili, kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Isitoshe, mtu mzima aliyekulia mahali penye mbu wengi anaweza kubeba vimelea vichache bila kuugua navyo. Kwa hiyo mstari wa pili unasema tu kwamba malaria ipo au ilikuwepo karibuni. Hausemi kwamba ndiyo iliyomvuruga akili. Hatumlaumu aliyempa mumeo dawa ya malaria: mtu mwenye homa aliyechanganyikiwa nchini Uganda apewe sindano ya artesunati bila kuchelewa. Kosa ni kuufunga mjadala hapo. Usiku ule ule alipaswa pia kupimwa sukari, kuchunguzwa homa ya uti wa mgongo, kupimwa VVU na kile kipimo cha fangasi wa kriptokokasi kwa mwenye VVU, na kuulizwa kuhusu pombe na dawa alizomeza.

Dawa ya influenza yenyewe ni oseltamivir, miligramu 75 asubuhi na jioni kwa siku 5, ikipunguzwa kwa mwenye figo dhaifu. Hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 48 za mwanzo. Mgonjwa aliyelazwa akiwa na hali mbaya hupewa hata kama saa hizo zimepita. Haipatikani kila duka la dawa, na antibayotiki haiwezi kushika nafasi yake.

Jambo moja la kukataa kwa heshima: sindano ya diklofenaki ambayo kliniki nyingi huchoma kwa kila homa. Huko Japani wataalamu walihusisha dawa mbili za maumivu, diklofenaki na asidi ya mefenamiki, na vifo zaidi kwa waliougua ubongo kutokana na influenza. Paracetamol inatosha: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vinane kwa siku, na vipungue kwa mtu mwembamba sana au mnywaji wa waragi. Hesabu pia paracetamol iliyofichwa ndani ya vidonge vya mafua. Wengi humeza dozi mbili wakidhani ni dawa mbili. Aspirini msimpe kijana wenu mwenye mafua, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye unaoharibu ini na ubongo. Kwa mtu mzima ugonjwa huo ni nadra mno.

Mimi ni askari, miaka 33. Wiki mbili zilizopita nilikuwa na mafua makali, nikapona. Siku nne sasa nyayo zinawasha kama zimekanyaga siafu, mgongo unauma, na leo nimeshindwa kuinuka chooni bila kushika ukuta. Vidole vya mikono vimeanza ganzi. Wenzangu wanasema ni baridi yabisi, mama anasema nimerogwa. (Afande, Gulu)

Afande, hili si la kusubiri kliniki ya Jumatatu. Nenda hospitali leo, na uende iliyo na mashine ya kupumulia au inayoweza kukufikisha kwenye mashine hiyo ndani ya saa chache.

Maelezo yako yanalingana na ugonjwa wa Guillain-Barré. Mwili ukishapigana na kirusi, baadhi ya askari wake, yaani kingamwili, hukosea adui na kushambulia neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo, hasa ganda lake, lile linalofanana na plastiki inayofunika waya wa umeme. Ganda likichubuka, ujumbe wa ubongo haufiki kwenye msuli. Kutengeneza kingamwili huchukua muda. Ndiyo maana ugonjwa huja wiki 1 hadi 4 baada ya mafua, wakati umeshasahau kuwa uliugua. Daktari akikuuliza uliugua nini mwezi uliopita, taja mafua, na taja pia kuhara kama kulikuwepo, kwa maana kuhara kwa bakteria aitwaye Campylobacter huleta ugonjwa huu mara nyingi zaidi kuliko influenza.

Alama zake: unaanzia chini ukipanda, unashika pande zote mbili karibu sawa, na ukigongwa chini ya pia ya goti mguu haurushwi. Udhaifu huongezeka kwa siku au wiki, na karibu wote hufika kileleni ndani ya wiki 4. Kiasi cha mtu mmoja kati ya wanne hudhoofika misuli ya kupumua hadi kuhitaji mashine. Hapo ndipo hatari ilipo, na inakuja kimya. Kimashine cha kidoleni kinachosoma oksijeni kitaendelea kuonyesha asilimia 97 wakati misuli inachoka. Kikianza kushuka umeshachelewa.

Kipimo bora hakihitaji kifaa. Vuta pumzi yote uwezayo, kisha hesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine, namba mbili kwa kila sekunde. Mtu mzima mwenye afya hufika 50 hivi. Asiyepita 19 yuko karibu na mashine. Tahadhari kwa sisi tunaohesabu kwa Kiswahili: kuanzia kumi na moja namba zetu nyingi zina maneno matatu, na "ishirini na saba" inakula pumzi kuliko "saba". Hesabu moja hadi kumi, halafu rudi moja hadi kumi tena, mwenzako akihesabu mizunguko kwa vidole. Fanya kila baada ya saa chache na uandike saa na namba. Aliyekuwa na mizunguko minne asubuhi akawa na miwili na nusu jioni anazama, hata kama anatabasamu. Sauti kuwa ya puani, maji kurudi kupitia pua, kushindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto: hizo nazo ni kengele za usiku huo huo.

Usipandishwe boda ukibanwa katikati ya watu wawili. Shingo inaweza kushindwa njiani, na ugonjwa huu huvuruga mapigo ya moyo na shinikizo la damu bila taarifa. Tafuta gari, kaa umeegemea.

Kuhusu kurogwa, hatutabishana na mama. Mwombe afanye sala zake akiwa garini nawe.

Niko kituo cha afya cha ngazi ya tatu, Kasese. Hatuna mashine ya CT ya kupiga picha za ubongo wala maabara ya PCR. Nifanye nini kabla ya rufaa, na niandike nini? (Muuguzi)

Kwa aliyevurugika akili: sukari kwanza, kabla hata ya historia ndefu. Ikiwa chini ya 3 mmol/l, mpe mililita 50 za dekstrosi ya asilimia 50 polepole kwenye mshipa mkubwa, upime tena baada ya dakika 15. Kisha artesunati miligramu 2.4 kwa kilo (mtu wa kilo 60 hupata 144) na antibayotiki ya seftriaksoni gramu 2, vyote kabla gari halijaondoka. Usingoje kutoa maji ya mgongo ndipo uchome antibayotiki. Na usiyatoe kabisa kwa aliyepoteza fahamu sana, mwenye udhaifu wa upande mmoja au mboni za macho zisizolingana. Degedege ikipita dakika 5, diazepamu miligramu 10 mshipani polepole, ukiangalia pumzi, na urudie mara moja tu. Asitiwe kijiko mdomoni. Asiklovia, miligramu 10 kwa kilo kila saa 8, itaamuliwa huko aendako, kwa sababu virusi vya hepesi huharibu ubongo kwa sura inayofanana na hii na vina dawa.

Kwa aliyelegea miguu, chunguza mambo yanayojifanya Guillain-Barré. Potasiamu ya chini, kama aliharisha au kutapika sana. Sumu ya kunyunyizia nyanya au kahawa: mboni ndogo kama ncha ya sindano, jasho na mate mengi. Kung'atwa na mbwa miezi iliyopita, kwani kichaa cha mbwa kina aina ya kupooza. Na uti wa mgongo wenyewe: akionyesha mstari kifuani au tumboni ambapo chini yake hasikii kuguswa, na mkojo umefunga tangu mwanzo, hiyo ni kasoro ya uti, inahitaji picha ya mgongo haraka. Guillain-Barré haichori mstari.

Barua ya rufaa iwe na tarehe tatu: homa ilianza lini, homa iliisha lini, udhaifu au mvurugiko ulianza lini. Ongeza hesabu ya pumzi moja pamoja na saa uliyoipima, kama anaweza kumeza, na dawa zote ulizompa. Barua yenye "mgonjwa dhaifu, tafadhali mwone" humpotezea huyo mtu saa sita kwenye benchi. Ukiweza, piga simu mbele uulize kama kitanda chenye mashine kipo.

Mwambie pia daktari wa huko kuwa akilazimika kumwingiza aliyelegea mpira wa kupumulia asitumie suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli. Misuli iliyokosa neva humwaga potasiamu nyingi na moyo husimama.

Kaka yangu amelazwa na Guillain-Barré, ana kilo 60. Tumeandikiwa dawa ya imunoglobulini, yaani kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya wachangiaji, bei inatisha. Mjomba anasema deksamethasoni ni rahisi na inafanya kazi ile ile. (Dada mtunza mgonjwa, Mbarara)

Dada, mjomba ana nia njema lakini hapa amekosea. Dawa za jamii ya steroidi, deksamethasoni ikiwemo, zimejaribiwa kwa ugonjwa huu na hazikusaidia. Za kumeza zinaweza hata kuchelewesha kupona. Vivyo hivyo sindano za vitamini B: hazimdhuru, ila zinakula pesa mnazohitaji kwingine.

Kipimo cha imunoglobulini ni gramu 0.4 kwa kilo kila siku, siku 5. Kwa kilo 60 ni gramu 24 kwa siku, jumla 120, yaani chupa 24 za gramu 5. Ina faida zaidi ikianza ndani ya wiki 2 tangu udhaifu uanze. Kabla ya kuuza ng'ombe, muulize daktari maswali mawili. La kwanza: bado anatembea mwenyewe na udhaifu umesimama? Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuangaliwa tu kwa karibu. La pili: hospitali ina mashine ya kubadilisha plazma, yaani majimaji ya damu? Njia hiyo huleta matokeo yanayolingana, na kufanya ya pili juu ya ya kwanza hakuongezi kitu; mchague moja.

Mkinunua, ulizeni dawa ilihifadhiwaje. Chapa nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8, na ikishaganda haifai tena. Chukueni kisanduku cha barafu, chupa zisigusane na barafu moja kwa moja. Isitikiswe, inatoka povu. Itundikwe polepole mwanzoni. Kichwa kuuma na baridi kidogo ni kawaida, kifua kubana siyo.

Sehemu inayobaki iko mikononi mwako, na si ndogo. Mgeuze kila saa 2. Mlishe akiwa ameketi wima. Akikohoa akimeza maji, simamisha kabisa na uombe mpira wa puani. Macho yasiyofumba vizuri yatiwe mafuta ya macho na kufungwa kwa plasta usiku, la sivyo kioo cha jicho kitakauka na kuchubuka. Nyayo ziegemee boksi au mto mgumu zisinyooke kama za mcheza ngoma, maana nyayo zikikaa hivyo wiki nyingi kano hufupika. Uliza kuhusu sindano ya kuzuia damu kuganda miguuni. Maumivu ya mapaja na mgongo ni ya kweli na huwa makali, aombewe dawa ya maumivu ya neva.

Na akili yake ni timamu. Hata akiwa hawezi kufungua jicho, anasikia. Gharama, shamba la kuuza na mambo ya mazishi yasijadiliwe kando ya kitanda. Akiweza kukonyeza, mkubaliane: mara moja ni ndiyo, mara mbili hapana.

Takriban wanane kati ya kumi huweza kutembea bila msaada baada ya miezi sita. Kuchoka haraka hudumu zaidi ya hapo.

Nina presha. Siku ya tano ya mafua mdomo ulipinda upande mmoja na mkono wa kulia ukaanguka, dakika chache tu. Sasa niko sawa. Ni huo ugonjwa wa neva? (Dereva wa lori, Malaba)

Mzee, hapana. Upande mmoja, ghafla, ni kiharusi kilichobisha hodi. Influenza huifanya damu igande kwa urahisi zaidi, na hatari ya kiharusi hupanda katika siku na wiki zinazofuata. Kurudi sawa kusikudanganye, siku chache zijazo ndizo mbaya zaidi. Onana na daktari leo, usiendeshe, endelea na vidonge vya presha, na uache dawa za kufungua pua zenye pseudoefedrini kwa sababu zinapandisha presha.

Nafundisha Arua. Wanafunzi wamesoma kwamba kuna kirusi chenye jina la mkoa wetu kinachopooza watu. Je, kinahusiana na haya? (Mwalimu)

Kinahusiana kwa sura, si kwa ukoo. Kirusi cha West Nile kilipatikana mwaka 1937 kwenye damu ya mwanamke mwenye homa katika wilaya ya West Nile, na watafiti wa taasisi ya Entebbe iliyoanzishwa 1936 kuchunguza homa ya manjano, ambayo leo ndiyo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Huenezwa na mbu. Kwa wachache hushambulia uti wa mgongo na kulegeza kiungo kimoja kuliko kingine huku homa ikiendelea, tofauti na Guillain-Barré inayokuja homa ikiwa imekwisha. Waambie pia kuhusu Zika, msitu ulio karibu na Entebbe: kirusi chake kilipatikana 1947 kwa kima wa utafiti, kikakaa miaka mingi bila kushtua mtu, hadi mlipuko wa Polinesia ya Ufaransa wa 2013 na 2014 ulipokihusisha na Guillain-Barré. Ramani ya dunia ya magonjwa ya neva ina majina mawili ya kwetu.

Nimesikia chanjo ya influenza ndiyo inayopooza watu. Nina miaka 60 na kisukari. Nichanje au nisichanje? (Msomaji, Jinja)

Habari hiyo ina mzizi. Mwaka 1976 Marekani ilichanja mamilioni dhidi ya mafua ya nguruwe, na Guillain-Barré ikaongezeka kwa takriban mtu 1 kwa kila 100,000 waliochanjwa, kampeni ikasitishwa. Chanjo za sasa zikiongeza hatari, ni kwa mtu 1 au 2 kwa milioni, na influenza yenyewe huleta ugonjwa huo zaidi ya hapo. Kwa umri wako na sukari yako, tungechanja. Piga simu kwanza, kwani si kila kituo kinayo, na kinga huchukua kama wiki 2 kujijenga. Kuna mmoja wa kuzungumza na daktari kabla: aliyewahi kupata Guillain-Barré ndani ya wiki 6 baada ya chanjo hiyo hiyo.